Kibanzi cha Arobaini na Saba

Hebu niambie, umewahi kuosha jiwe lenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba kwa dakika nne nzima, ukalilaza kwenye wavu likauke, kisha ukachukua jingine, na jingine, mpaka saa ya chakula? Kama hujawahi, basi kutulia bado hujakujua.

Mama Karai aliifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la kusaini asubuhi, lakini halikuwa na kazi nyingine zaidi ya hiyo. Siku ya kwanza alipoajiriwa alikuta karai la ofisini linavuja, kesho yake akaja na la kwake kichwani, na tangu hapo karai likabaki ofisini na jina likabaki kwake.

Wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wakileta mifuko ya mawe kutoka shimoni, kila mfuko na kikaratasi chake ndani: umetoka kina gani, siku gani, una vipande vingapi. Mama Karai alimimina mfuko mmoja mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, akasugua kwa mswaki laini. Brashi ya waya hakuitumia kabisa, maana inakwaruza, wala hakuchokoa udongo kwa ukucha. Kisha mawe yakalazwa kwenye trei ya wavu dirishani. Yakikauka, aliweka tone la vanishi dogo kama punje ya mtama, akaandika namba juu yake kwa wino mweusi, akafunika kwa tone jingine. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umenyooka kama mshono wa mashine. Darasa la saba ndipo alipoishia, lakini namba zake zilisomeka kuliko za watu wenye shahada, na hilo hata wenye shahada walilikubali.

Sasa, kutoka kwenye chumba cha kuoshea kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na meza ndefu yenye hadubini mbili na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Daktari. Huyu hakuwa daktari wa kutibu, ingawa kila mlinzi mpya lazima amwonyeshe jino linalomuuma. Alikuwa daktari wa mawe, mwanamke mdogo kwa Mama Karai kwa miaka kama kumi, miwani juu ya nywele, plasta kwenye vidole. Kiti cha pili kilikuwa cha msaidizi, na msaidizi alikwenda masomoni mwanzoni mwa mwaka. Tangu siku hiyo kiti kilikuwa kimekaliwa na mafaili.

Mama Karai alikitaka kiti kile. Alikitaka hata msaidizi alipokuwa bado anakikalia, Mungu amsamehe. Lakini kutaka ni kitu kimoja na kufungua mdomo ni kingine. Siku moja alijipa moyo, akasimama mlangoni mikono inachuruzika maji.

"Daktari."

"Naam, mama."

"Nilikuwa nataka kusema..." Akaviangalia vile viatu vya Daktari, akaliangalia lile lundo la mafaili. "Sabuni imekwisha."

Sabuni ikaletwa. Mara ya pili ulimi ukamponyoka akaomba taulo. Mara ya tatu aliomba ndoo, na ndoo alikuwa nazo nne.

"Sasa una ndoo tano," dada yake akamwambia jioni hiyo. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, walikaa nyumba moja, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. "Endelea hivyo hivyo. Mwakani utakuwa na duka la ndoo."

"Wewe cheka tu."

"Nicheke nini, mdogo wangu? Mtu anaogopa kiti! Kiti hakina meno."

Lakini Mama Karai hakuwa mtupu. Miaka tisa mikono inaosha, masikio yanafanya nini? Mlango ule haukufungwa hata siku moja, kwa sababu bawaba ilikuwa imekufa, na kila alichomwambia Daktari msaidizi wake kilimfikia na yeye. Alijua kwamba jiwe likipigwa vizuri, kibanzi kinachoruka hubeba kinundu kidogo pale chini ya pigo, na kinundu hicho alikitafuta kwa dole gumba huku anaosha, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Alijua fundi aliyekomaa hupiga mara moja, kibanzi kikatoka chembamba na safi, na anayejifunza hupiga mahali pamoja mara tatu nne mpaka ukingo unavunjika ngazi ngazi. Alijua pia kwamba makali yanakumbuka. Kibanzi kilichokata nyama kina mng'ao hafifu wa mafuta, kilichokata majani kinang'aa kama kioo, na kilichomenya mizizi yenye udongo kina mikwaruzo midogo inayolala upande mmoja. Hiyo ya mwisho haikuonekana kwa macho matupu, ilitaka hadubini. Kuisikia alikuwa ameisikia mara mia. Kuiona, hata siku moja.

Daktari naye alikuwa na ukumbi wake nyuma ya jengo, yaani kreti la soda lililogeuzwa juu chini. Hapo alikaa na ngozi nene pajani na miwani ya kuchomelea vyuma, anapasua mawe. Aliyaagiza kutoka kilima kile kile walichochota watu wa kale, jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ili apige kama wao, atumie kama wao, halafu alinganishe. Alikuwa akisema huwezi kuyasoma mawe ya watu kama jiwe lako mwenyewe halijawahi kukukata. Kwa hesabu ya plasta zake, alikuwa amesoma sana. Vibanzi vyake vipya vilibaki pale juu ya gunia, kando kabisa na vya kale, na sheria ilikuwa moja: vya gunia havivuki mlango.

Sheria hiyo ilivunjwa na kisu.

Ofisi ilikuwa na kisu kimoja cha kumenyea viazi vya mchana, na mpini wake ukang'oka. Mtunza stoo, ambaye wote walimwita Bwana Kesho, akakipokea kwa heshima zote.

"Nitakitengeneza kesho," akasema.

"Kesho ya lini?" Mama Karai akauliza.

"Mama, kesho ni kesho. Usinichanganyie kalenda."

Watu sita wanasubiri kula, viazi vitamu vimejaa ndoo, vina udongo wa shambani bado. Mama Karai, aliyekuwa mpishi wa mchana pia, akatoka nyuma, akachagua kibanzi kimoja pale guniani, kirefu, kinakaa vizuri kwenye kiganja. Akakijaribu kwenye kiazi cha kwanza. Lo! Ganda liliteleza kama karatasi. Kwa siku kumi na mbili za kazi akamenya viazi vya watu sita kwa jiwe, kwa mkono wake wa kushoto, maana ndio mkono aliozaliwa nao na hakuna fimbo ya mwalimu iliyoweza kuubadilisha. Akimaliza alikisuuza, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Ijumaa moja, simu inalia, chungu kinachemka, akakisuuza akakiweka kilipozoea mkono wake kuweka kila kitu kilichooshwa: kwenye trei ya wavu.

Baada ya chakula akakaa kuandika namba. Alipofika mwisho akahesabu: arobaini na saba. Kikaratasi cha mfuko kilisema arobaini na sita. Akahesabu tena, arobaini na saba.

"Wachimbaji hawa," akanong'ona. "Wanahesabu huku wanapiga soga."

Akachukua kalamu, akakata sita, akaandika saba. Akaridhika kabisa. Jumatatu alipokitafuta kimenyeo chake dirishani asikione, alijua nani wa kulaumiwa. Akaenda stoo, akamwambia Bwana Kesho kwamba anayefagia madirisha bila kuangalia ana lake jambo. Bwana Kesho akaapa kwamba hajawahi kufagia dirisha maishani mwake, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwa kutaka amani akatoa kisu kikiwa na mpini mpya. Kesho ikawa imefika. Mama Karai akasahau.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja kelele ikatoka chumba cha hadubini.

"Njooni! Njooni wote! Mama Karai, acha hayo maji!"

Wakaja, yeye na Bwana Kesho na dereva. Daktari alikuwa amesimama, mashavu yamewaka, miwani imeanguka shingoni.

"Katika mfuko wa kina cha tatu," akasema, "nimepata mtu!"

"Mifupa?" dereva akarudi hatua moja nyuma.

"Mtu, bwana, si maiti! Kibanzi kimoja. Udongo ule ni mzito, umekilinda vizuri, yaani makali kama yametumika jana. Hiki kimemenya mizizi. Mingi, siku nyingi, na mizizi ina mchanga. Na sikilizeni: mikwaruzo yote inalala upande wa pili. Huyu mtu alikuwa wa mkono wa kushoto!"

"Kama Mama Karai!" Bwana Kesho akaruka na kicheko. "Mama, ulikuwepo enzi hizo hukutuambia?"

Wote wakacheka. Mama Karai alianza kucheka nao, kisha kicheko kikakwama katikati.

"Njoo uone, mama," Daktari akamshika bega. "Wewe ndiye uliyekiosha. Angalia."

Basi ndivyo alivyoinama kwenye hadubini kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Mwanzoni aliona kope zake tu. Daktari akamwonyesha gurudumu la pembeni, akalizungusha taratibu, na ghafla pakawa na ukingo mweusi kama mlima, na juu yake mwanga laini, na ndani ya mwanga mistari myembamba, mingi, imelala yote pamoja kama nywele zilizochanwa. Ilikuwa nzuri mpaka akasahau kupumua. Halafu picha ikasogea kidogo, pakatokea tone la vanishi, na ndani yake, kubwa kama ubao wa barabarani, saba yake mwenyewe.

Arobaini na saba.

Akainuka polepole.

"Umeona?" Daktari akauliza.

"Nimeona," akajibu. Zaidi ya alivyoulizwa.

"Alhamisi wageni wa makumbusho wanakuja. Hiki ndicho nitakachowaonyesha. Na aliyekipasua nimeshamwandikia vilevile." Akavuta daftari, akasoma kwa sauti ya mbele ya watu: "Mpasuaji hakuwa fundi. Alikuwa bado anajifunza, mkono wake mzito, na pengine hakuwa na subira."

Mama Karai alirudi kwenye karai lake. Jiwe moja aliliosha kwa dakika kumi na moja.

Jioni alimweleza dada yake kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, huku dada mtu anakunja pindo la gauni. Cherehani ikasimama kwenye neno viazi.

"Ngoja. Nani aliyemenya?"

"Mimi."

"Na mtu wa kale wa kushoto?"

"Ndiye mimi huyo."

Dada alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya mashine. Alipofuta machozi akaona mdogo wake hacheki, akajiweka sawa.

"Haya. Hilo jiwe litasema lenyewe?"

"Haliwezi."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Mimi nimeshasahau. Basi nyamaza, mama. Ukienda kusema umeingiza jiwe la viazi kwenye mawe ya watu, na kikaratasi umekikata kwa kalamu, unadhani watakupa kiti? Hata karai watakunyang'anya."

Mama Karai alichukua kipande cha kitambaa chini, akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Dada, nikikaa kwenye kiti kile nitayaangaliaje mawe mengine? Hilo moja lilikuwa linasema kweli, mimi nikaliandikia uongo."

Dada yake akaulowesha uzi ncha kwa mate, akautia kwenye tundu la sindano.

"Basi kaseme. Lakini asubuhi, kabla hujaona ndoo."

Asubuhi Mama Karai hakuvua hata mtandio. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Daktari, kile kibanzi ni changu."

"Naam?"

"Cha arobaini na saba. Nimemenyea viazi." Akaendelea bila kuvuta pumzi, kisu, Bwana Kesho, gunia, dirisha, trei, kikaratasi, kalamu, akimaliza na: "Wachimbaji walihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea, na nikawasingizia."

Daktari akageuka. Akavua miwani. Akaichukua trei, akakitoa kibanzi, akakiweka kwenye kiganja akakitazama kama barua iliyofika nyumba isiyo yake.

"Haiwezekani," akasema mwishowe. "Mama, ningejua."

"Jiwe mama lake liko nyuma. Pale ulipolipasua."

Wakatoka. Pembeni ya gunia palikuwa na mabonge sita meusi, kila moja limebanduliwa pande zote. Daktari akachukua la kwanza, akakijaribu kibanzi huku, akakijaribu kule. Mama Karai alisubiri kwa heshima, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Nipe, mwanangu."

Hakutazama sana. Alipitisha dole gumba chini ya kile kinundu, kisha akapapasa mabonge kwa mkono ule mwingine, la pili, la tatu, akaruka la nne, na kwenye la tano dole likaangukia shimo dogo lililolingana nacho. Akakigeuza kibanzi, akakilaza. Kiliingia na kusema *tik*, na ufa ukapotea kabisa, namba ikabaki juu ya bonge kama imeandikwa hapo tangu mwanzo.

Daktari akaketi kwenye kreti.

"Nimelisaka hilo kwa macho, wewe umelipata kwa kidole."

"Mkono umezoea."

"Kwa hiyo aliyemenya ni wewe."

"Mimi."

"Na aliyepasua..." Daktari akaacha. Mama Karai akatazama chini, kwa sababu mtu mzima hamwambii mwenzake kila kitu. Daktari akamalizia mwenyewe: "Aliyepasua ni mimi. Mkono mzito. Hana subira."

"Daktari, mimi sijasema neno."

"Nimeandika mwenyewe, tena kwa wino!"

Bwana Kesho, ambaye alikuwa akichungulia dirishani muda wote, aliangusha kikombe. Hapo ndipo kicheko kilipowashinda wote watatu, Daktari akajishika mbavu, Mama Karai akajifunika uso kwa mtandio.

"Lakini sikiliza," Daktari akasema alipopata sauti. "Mizizi yenye mchanga, sawa. Mkono wa kushoto, sawa. Mpasuaji anayejifunza, ole wangu, sawa. Jiwe halikukosea hata neno moja! Kitu kimoja tu sikukiuliza, ni la lini. Nilisoma kikaratasi badala yake."

"Kikaratasi nilichokikata mimi."

"Ndiyo, na hilo si la kuchekea." Sauti ikashuka. "Usirudie, mama. Idadi isipolingana, niite hata kama nimelala. Sasa mfuko mzima lazima niupitie upya, kimoja kimoja, nijue hakuna mgeni mwingine humo. Na Alhamisi wageni nitawaonyesha hiki hiki, kwa ukweli wake. Wakitaka kujua kama tunasoma mawe au tunabahatisha, hiki kinatosha."

Wakaingia ndani. Daktari akasimama mbele ya meza, akatazama trei ya vibanzi arobaini na sita, akatazama kiti cha pili. Akayabeba mafaili kwa mikono miwili, akayashusha sakafuni, vumbi likaruka.

"Peke yangu siwezi," akasema. "Leo leo naandika barua chuoni waniletee msaidizi, kijana mwenye shahada yake, miezi miwili atakuwa amefika." Akavuta karatasi, akaanza kutafuta kalamu kwenye nywele, mfukoni, chini ya miwani.

Kalamu ilikuwa mbele ya Mama Karai. Aliiona. Alikuwa ameshafikiri kwamba baada ya asubuhi ile hatakuwa na la kuomba tena katika jengo lile, na mikono yake, mikavu kwa mara ya kwanza saa hiyo ya siku, haikujua ijiweke wapi. Akaichukua kalamu. Hakuitoa.

"Daktari."

"Naam, mama."

"Usiandike barua. Kiti hicho nakitaka mimi."